Basi la masafa na abiria mwenye ulemavu: ghali kiasi gani?

Kila ninapowauliza wenye mabasi ya Mombasa na Nairobi kwa nini magari yao hayampokei abiria asiyeweza kupanda ngazi, jibu huwa moja: ni ghali. Nikiuliza ghali kiasi gani, mazungumzo huishia hapo. Kwa hivyo nimekaa nikapiga hesabu mwenyewe, na ninaiweka hapa ili mwenye basi, abiria, diwani na yeyote mwingine aichukue, aipinge au airekebishe.

Tuanze na sheria, maana haichukui muda. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali, habari na usafiri wa umma, kwa kiasi kinachofaa. Kabla yake, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, kifungu cha 23, ilimtaka kila mwendeshaji wa gari la abiria alirekebishe gari lake liwafae watu hawa, na ikampa miaka miwili tangu kifungu kianze kutumika. Mwaka 2025 ikapitishwa sheria mpya kuchukua mahali pa ile ya 2003. Lakini tazama maneno ya kile kifungu cha 23: gari lirekebishwe "kwa namna itakayoelekezwa na Baraza". Bila vipimo, fundi wa bodi hana la kushika. Yeye huuliza mlango uwe na upana gani, ngazi ya kwanza iwe na kimo gani, kiti cha magurudumu kifungwe wapi na kwa mikanda ya aina gani. Haki ikiwa kwenye Katiba peke yake, haiwezi kuchomelewa kwenye bodi.

Sasa tuliangalie basi lenyewe. Basi la masafa si kama basi la mjini. Chini ya sakafu kuna buti ya mizigo, na hiyo buti ni pesa, kwa hivyo sakafu ya abiria huinuliwa zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Mlango ni mmoja, huko mbele, wenye ngazi nyembamba zinazopinda karibu na dereva. Ukishamaliza ngazi unaingia ujia ambao kiti cha magurudumu cha kawaida hakipiti. Watu husema, "wekeni ubao wa kuteremkia." Ubao salama, ambao mtu ataupanda mwenyewe bila kusukumwa na watu wanne, unahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Sakafu ya sentimita 120 inataka ubao wa mita 14 na zaidi. Hapo Mwembe Tayari ukiulaza ubao huo utafika kwa jirani.

Ndiyo maana nchi zilizolishughulikia jambo hili zimetumia lifti. Marekani ilipitisha sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 1990, lakini mabasi ya masafa yakaachwa kando kwanza ili uchunguzi ufanywe, kwa sababu kampuni zilidai gharama ingeua njia za vijijini. Kanuni zikaja 1998. Kampuni kubwa zikatakiwa kila basi jipya linalonunuliwa kuanzia Oktoba 2000 liwe na lifti, nusu ya mabasi yao yawe tayari kufikia 2006, na yote kufikia 2012. Kampuni ndogo zikaruhusiwa kutoa huduma kwa abiria aliyetoa taarifa saa 48 kabla ya safari. Serikali nayo ikafungua mfuko wa ruzuku, ambao baadaye ulifika kulipa hadi asilimia 90 ya gharama ya vifaa. Uingereza ilitoa kanuni zake mwaka 2000 na kuwapa wenye mabasi ya masafa yenye ratiba hadi Januari 2020, karibu miaka 20. Vipimo vyao ni vya wazi: nafasi ya kiti cha magurudumu iwe na urefu wa milimita 1,300 na upana wa milimita 750, na lifti iweze kubeba kilo 300.

Lifti ya namna hiyo, ya kukaa ndani ya basi na kutokea kwenye mlango wake wa pembeni, imekuwa ikitajwa Marekani kuwa inagharimu kiasi cha dola 30,000 hadi 40,000 pamoja na kuifunga. Kwa dola moja kuwa shilingi 130, ni kama milioni 3.9 hadi 5.2. Hapo ndipo mwenye basi anaposema, "Umeona?" Naam, nimeona. Lakini tusiishie hapo.

Tuchukue milioni 4.5, basi likae barabarani miaka kumi, lifanye safari moja kwa siku kwa siku 300 za mwaka. Hizo ni safari 3,000. Lifti inagharimu shilingi 1,500 kwa safari. Ukiwa na abiria 45, kila mmoja amebeba shilingi 33. Ongeza matengenezo, ongeza riba ya benki, hata ukizidisha mara mbili unapata shilingi 66 juu ya nauli, tuseme, ya shilingi 1,500. Wasafiri wa Pwani wanaijua nauli inayopanda kwa mamia wiki ya Idd na Desemba bila ya mtu kuwekewa lifti.

Gharama kubwa iko kwingine, na wenye mabasi wenyewe huwa hawaitaji. Ni viti. Nafasi ya kiti cha magurudumu hula viti vinne vya kawaida ikiwa viti hivyo vitang'olewa kabisa. Viti vinne kwa shilingi 1,500 ni shilingi 6,000 kila safari, mara nne ya lifti yenyewe. Kwa miaka kumi ni milioni 18. Dawa yake inajulikana: viti vya kutelezeshwa juu ya reli au vya kukunjwa. Siku ambayo hakuna abiria wa kiti cha magurudumu, vinarudi mahali pake na kuuzwa kama kawaida. Kwa maoni yangu, vipimo vikiandikwa hapa Kenya, sharti hili la viti vya kutelezeshwa ndilo litakaloamua kama wenye mabasi wataikubali kanuni au wataikimbia.

Tena si lazima kila basi liwe na lifti kesho. Kanuni za 2014 za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama zinataka waendeshaji wawe ndani ya sako au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kuweka lifti kwenye mabasi 30 ni milioni 135. Kuweka kwenye matatu ni milioni 13.5, na abiria akapiga simu siku mbili kabla, basi lenye lifti likapangwa safari yake. Si haki kamili, maana mwenye msiba hasubiri saa 48, lakini ni mwanzo unaolipika.

Na iko njia ya bei nafuu zaidi: lifti isiwe ndani ya basi, iwe stejini. Kwenye stesheni za treni za Marekani zenye jukwaa la chini hutumika lifti ya kusukumwa kwa mkono, inayozungushwa kwa mpini bila umeme. Moja inahudumia magari yote. Dar es Salaam walifanya kwa mtindo mwingine: mwendokasi ulipoanza 2016, vituo vilijengwa kwa kimo cha sakafu ya basi, abiria anaingia bila ngazi. Shida yetu Mombasa ni kwamba kila kampuni ina ofisi yake na hupakia mbele ya mlango wake, kwa hivyo hakuna steji moja ya kuweka hiyo lifti. Hapo gharama si ya mwenye basi tena. Ni ya kaunti, na bajeti ya kaunti hujadiliwa na wananchi kila mwaka.

Hata lifti ya stejini haimalizi kazi, kwa sababu ujia wa basi ni mwembamba. Panahitajika kile kiti chembamba cha kumpitisha abiria ujiani, kama wanavyotumia kwenye ndege. Fundi wa Mombasa anayetengeneza vitanda vya hospitali hashindwi nacho.

Yako pia mambo yasiyogharimu cha kutajwa. Mikono ya kushikia pande zote mbili za ngazi, kwa anayetembea kwa magongo. Utepe wa rangi kali kwenye kingo za ngazi, kwa mwenye uoni hafifu. Kondakta kumwambia abiria kipofu wamefika Voi, na kumwandikia abiria kiziwi kwenye simu kwamba basi litasimama dakika 20.

Sasa upande wa pili wa daftari, ambao haumo katika hesabu ya mtu yeyote. Mdogo wangu hutumia kiti cha magurudumu. Safari yake ya Nairobi ina nauli yake, nauli yangu kwa kuwa hawezi kwenda peke yake, pesa za vijana wawili wa kumbeba hapa na wawili wa kumshusha kule, na mara nyingine kiti chake hulipishwa kama mzigo. Safari moja makanga alimwambia mama yetu, "Mama, yeye tutamweka mbele, lakini hicho chuma ni kago." Kuanzia jioni ya kabla ya safari mdogo wangu hanywi maji, kwa sababu anajua choo cha Mtito Andei hataweza kukifikia. Zile shilingi 33 ambazo abiria 45 wangegawana, leo anazibeba mmoja, na kwake ni maelfu.

Wengine hawasafiri kwa kupenda. Hospitali ya rufaa ya Pwani iko Mombasa, na wagonjwa huletwa kutoka Lamu, Tana River, Kilifi na Taita Taveta. Anayevunjika uti wa mgongo Hola atakuja kliniki miezi na miaka. Akikodi gari binafsi kila mara, ng'ombe wataisha. Asipokuja, vidonda vya kulalia vinamsubiri nyumbani.

Treni ya SGR, iliyoanza 2017, imelipunguza tatizo kwa anayekwenda Nairobi na anayeweza kufika Miritini. Lakini haifiki Malindi, Garsen wala Lamu. Wa Lamu ana mtihani mwingine: hata akipata basi lenye lifti hadi Mokowe, mbele yake kuna gati, ngazi za saruji zenye utelezi, na boti inayopanda na kushuka na maji. Maji yakiwa yamejaa, mabaharia humbeba hatua mbili tatu. Yakiwa yametoka, humteremsha ngazi zote mgongoni. Kuweka daraja la kuelea linalofuata maji kwenye gati hilo ni hesabu nyingine, ya bahari, na mabasi hayamo.