Hori la bibi yangu

Jamani, leo naomba niwarudishe nyumbani Manda, pale mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa. Enzi za Mjerumani pakiitwa Wiedhafen.

Nilipokuwa darasa la tatu tuliigiza Krismasi. Bibi yangu, aliyeishi miaka mingi Tanga kwenye mkonge pamoja na babu, akatuazima mtumbwi mdogo tumlaze mtoto. Kwake yeye, hori la Luka 2:7 ndilo hilo. Mwalimu mmoja akamcheka mbele ya watu. Bibi akaubeba mtumbwi wake, na tangu siku ile hakutusimulia tena habari za Krismasi.

Basi juzi nikafungua kamusi. Kumbe hori lina maana tatu! Ni chombo cha kulishia mifugo, ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na ni mtumbwi mdogo ulioinuka omo na tezi. Bibi alisema Kiswahili safi cha pwani. Alichokosea ni chombo tu.

Maana Luka, kwa Kigiriki, aliandika phatne, yaani mahali anapolishiwa mnyama. Na neno hilo hilo limo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Isaya 1:3, punda anapojua pa kulia kwa bwana wake, lakini Israeli hajui. Anayesoma Kigiriki anauona uzi huo mara moja: mtoto amelazwa pale pale ambapo Israeli hakupajua.

Sisi je? Union Version ya 1952 inasema kibanda kwa Isaya na hori kwa Luka. Uzi umekatika. Waingereza nao yaliwapata. Biblia yao ya 1611 ina neno "crib" kwa Isaya, ambalo zamani lilikuwa hori la ng'ombe, na kwa Luka wakaweka neno jingine. Leo Mwingereza akisikia "crib" anawaza kitanda cha mtoto mchanga!

Kwa hiyo wasomi wa London wanapotezwa na neno kama alivyopotezwa mama mmoja wa Manda. Tofauti ni kwamba wao hakuna aliyewacheka.

Nilimpigia bibi simu nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Haya mjukuu wangu, nimekusikia. Sasa kamwambie na yule mwalimu."

Nitakwenda.