Jina la Ziwa na Jina la Binti



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jina moja la Kilatini, nalo ni Victoria. Aliyenitia katika habari hii ni binti mmoja wa Usagara, mwanafunzi wangu katika chuo cha ualimu. Alinijia akasema, "Mwalimu, nataka kuliacha jina langu la ubatizo. Wenzangu hunicheka kuwa nimepewa jina la malkia wa Waingereza, kama ziwa lilivyopewa." Nilimwomba aningoje siku chache, nipate kuitafuta asili yake.

Kwa Kilatini neno hili maana yake ni ushindi. Warumi wa kale walimwabudu Victoria kama mungu mke mwenye mabawa, na mwaka 29 kabla ya Kristo Kaisari Augusto aliiweka sanamu yake katika nyumba ya baraza lao. Wakristo walipopata nguvu madhabahu yake iliondolewa. Jina likabaki, wakapewa watoto wa kike.

Tuanze na ziwa. Mtu aweza kudhani ya kuwa jina hili lilikuwa la kawaida huko Uingereza. Sivyo hata kidogo. Malkia huyo alizaliwa mwaka 1819, akabatizwa Alexandrina Victoria: la kwanza kwa heshima ya Kaisari wa Urusi, la pili kwa heshima ya mama yake, aliyekuwa Mjerumani. Nyumbani wakimwita Drina. Waingereza waliliona Victoria kuwa jina geni, hata pakawa na shauri la kumbadilishia, aitwe Charlotte au Elizabeth. Shauri hilo halikufaulu, na alipopata ufalme mwaka 1837 aliliacha Alexandrina kwa hiari yake. Ajabu ni kuwa katika miaka 63 ya enzi yake wasichana wa Kiingereza walioitwa hivyo hawakuwa wengi. Lilikuja kuenea kwao katika karne ya 20.

Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, akitokea Kaze karibu na Tabora, alifika Mwanza akaliona ziwa. Wenyeji wakiliita Nyanza. Waganda huliita Nalubaale, na Wajaluo Nam Lolwe. Speke aliliita Victoria. Wala hakuishia hapo: mkono wa maji ulio kusini ya Mwanza, upande wetu wa Usagara, aliuita Jordans, jina la nyumba ya wazazi wake, na kilima kimoja akakiita Somerset. Nendeni Kigongo mkawaulize wavuvi Jordans iko wapi! Hata Kisumu, reli ilipofika mwaka 1901, paliitwa Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi. Florence nalo ni jina la asili ya Kilatini, maana yake kuchanua, lakini hapo halikuchanua. Victoria likadumu, ingawa Speke alipolitamka neno hilo la ushindi alikuwa ameona kipande tu cha maji. Stanley ndiye aliyelizunguka ziwa, mwaka 1875.

Jina la binti lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Bukumbi, si mbali na Usagara, mwaka 1883. Majina waliyobatizia yalikuwa ya watakatifu: Perpetua, Felisita, Restituta, Viktoria. Na Viktoria huyo hakuwa malkia. Alikuwa msichana wa Afrika, wa nchi iitwayo leo Tunisia. Mwaka 304 alikamatwa pamoja na Wakristo wa Abitina kwa kosa la kukusanyika kusali siku ya Jumapili, wakapelekwa Kartago. Kaka yake, ambaye hakuwa Mkristo, alisimama mbele ya liwali akamtetea, akisema kwamba dada yake amepotezwa akili na watu wale. Viktoria akaukataa utetezi huo. Alisema akili zake ni timamu, na imani ni yake mwenyewe. Akafa kwa ajili yake, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla ya Drina kuzaliwa.

Nilipomsimulia haya, binti yule alinyamaza kitambo. Kisha akalichukua daftari lake, ambalo jina la juu alikuwa amekwisha kulikata kwa wino, akaliandika upya chini yake, kwa herufi ya K kama tuandikavyo sisi: Viktoria.