Si Chaja: Turbo ni Kishindilizi

Kuna kijitabu cha mafunzo ya umakanika kinachozunguka katika garaje za Butembo na Beni. Kimetolewa fotokopi juu ya fotokopi hadi herufi zimefifia. Katika sura ya moteri za mazutu, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuijazia moteri hewa kimepewa jina la "chaja ya tabo". Jina hilo limepitishwa na kamati, tena kamati ya watu ambao mikono yao haijawahi kuchafuka kwa mafuta meusi, na ni jina baya. Ugeni wake si hoja yangu. Kiswahili kimekopa maneno mengi kutoka Uarabuni, Uhindi, Ureno na kwingineko Ulaya, na sisi wa Kivu Kaskazini tunasema moteri, garaje, mazutu na karter bila kuona haya. Ubaya wake ni kwamba linamdanganya fundi, na fundi aliyedanganywa huua turbo ya kwanza, akaua ya pili, kisha akailaumu ya tatu kuwa piesi ya bandia.

Neno chaja lina mwenyewe tayari. Kutoka Kasindi hadi Kanyabayonga, chaja ni kile kifaa cha kutilia simu umeme, na kuchaji ni kutia umeme. Huwezi kumwambia kijana wa miaka kumi na minane kwamba chaja ya gari haihusiani na umeme ukategemea akuamini.

Nilishuhudia matokeo yake katika garaje moja ya komini ya Kimemi, mjini Butembo. Gari lilikuwa Land Cruiser lenye moteri ya 1HZ, silinda 6, sentimita za ujazo 4,164, ile ambayo Toyota iliitoa kiwandani bila turbo na ambayo kwa sababu hiyo inavumilia mateso mengi. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa kakao, na gari lake hubeba mizigo kati ya Beni na mpaka wa Kasindi. Alikuwa amenunua seti kamili ya turbo ya kufungia mwenyewe huko Kisekka, soko la vipuri la Kampala: turbo, mkono wa moshi, tiyo za mafuta, tiyo za mpira, na boliti zake. Ikafungwa. Baada ya muda mfupi gari likaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa mafuta. Ikaletwa turbo nyingine, nayo ikafa kifo kile kile. Ilipokuja ya tatu, mwanafunzi wa garaje alipewa kazi ya kutafuta kasoro. Akafungua kijitabu kwenye ukurasa wa chaja ya tabo, akachukua kipimo cha umeme, akawasha moteri, akapima kwenye betri, akamgeukia fundi mkuu kwa fahari: "Papa, chaja iko muzuri. Batri iko na volti kumi na ine."

Alikuwa amepima alteneta, kifaa kinachotia betri umeme, na alteneta ilikuwa nzima. Kijana hakukosa akili. Alitii alichoandikiwa.

Kasoro yenyewe ilikuwa chini, kwenye tiyo ya kurudisha mafuta. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haulali juu ya chuma bali juu ya utando mwembamba wa mafuta. Mafuta huingia kwa msukumo wa pampu, lakini yakishapita kwenye mhimili hutoka yakiwa povu lisilo na msukumo wowote, na hushuka kwenye karter, bakuli la mafuta chini ya moteri, kwa uzito wake tu. Kwa hiyo tiyo ya kurudi lazima iwe nene, iteremke moja kwa moja bila kupanda mahali popote, na iingie kwenye karter juu ya usawa wa mafuta. Aliyefunga seti ile alikuwa ametoboa karter chini mno, akachomelea pale palipomrahisishia kazi. Mafuta yaliyomo kwenye karter yaliziba mdomo wa tiyo, yale ya turbo yakakosa pa kwenda, yakapanda, yakajipenyeza upande wa hewa na upande wa moshi. Turbo yoyote ingekufa pale, hata ingetoka kiwandani asubuhi ile ile.

Sasa nije kwenye maneno, maana huko ndiko kamati ilikopotea njia.

Neno turbo ni Kilatini. Warumi waliliita hivyo jambo lolote linalozunguka kwa kasi: kimbunga, na vilevile pia, ile ya kuchezea watoto. Mwaka 1822 mhandisi Mfaransa Claude Burdin alilichukua neno hilo akaita turbine gurudumu linalozungushwa na maji, na mwanafunzi wake Benoît Fourneyron akaja kuunda mashine yenyewe. Kwa hiyo turbo hutaja mzunguko peke yake. Halisemi mzunguko huo unafanya kazi gani. Kazi inatajwa na nusu ya pili ya jina la Kiingereza, turbocharger, na nusu hiyo ndiyo waliyoitafsiri kwa sauti badala ya maana. Mzizi wa neno charge ni Kilatini cha kupakia mkokoteni. Kutoka kwenye mkokoteni likahamia kwenye bunduki: kipimo cha baruti na risasi kinachotiwa ndani ya mtutu. Kutoka kwenye bunduki likahamia kwenye silinda: kipimo cha hewa na mafuta kinachoingia kabla ya kulipuka. Umeme nao ulilikopa kwa njia yake. Kamati imechukua tawi la umeme, ambalo halihusiki hata kidogo, ikaacha tawi la bunduki, ambalo ndilo lililozaa jina la kifaa.

Wafaransa, ambao lugha yao ndiyo tunayoitumia shuleni, walifuata njia yao. Kitendo wanakiita suralimentation, yaani kulisha kupita kawaida. Ni afadhali, kwa sababu angalau linasema kwamba kuna kinachoingizwa.

Kiswahili hakikuhitaji kumwomba yeyote. Kina kitenzi kushindilia, na mzee yeyote wa Lubero au wa Pwani aliyewahi kuona gobori anakijua. Unamimina baruti mtutuni, unatia kitambaa, unatia risasi, kisha unashindilia kwa mdeki mpaka shehena ikae imara. Kushindilia ni kutia kitu kwa nguvu mahali palipofungwa ili kiingie kingi kuliko ambavyo kingeingia chenyewe. Tunashindilia kahawa guniani, tunashindilia udongo kwenye msingi wa nyumba. Kutokana na kitenzi hiki, kama vile kusaidia kunavyotoa msaidizi na kusimamia kunavyotoa msimamizi, tunapata kishindilizi. Hakuna kiungo kilichobandikwa kwa gundi wala herufi iliyolazimishwa.

Jina hili linambebea fundi maarifa ambayo chaja haiwezi kuyabeba. Unaposhindilia, chombo kisivuje: tiyo ya mpira iliyopasuka kati ya turbo na moteri huifanya turbo izunguke kupita kiasi kutafuta msukumo usiopatikana, na hufa kwa kukimbia bure. Unaposhindilia, kuna kikomo: gobori lililoshindiliwa kupita kipimo humpasukia mwenyewe usoni, na 1HZ iliyofungwa turbo na kuongezwa msukumo mpaka shofere aridhike hupasuka kichwa cha silinda. Moteri ile ina mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1 hata kabla hujaongeza kitu, ndiyo maana mafundi waangalifu hawazidishi msukumo wa karibu nusu baa. Na unachokishindilia lazima kiwe safi: vumbi la barabara likipenya kwenye chujio lililochakaa hukwangua bapa za feni ya hewa mpaka kingo zake ziwe kama zimetafunwa. Mwanafunzi anayeitafakari maana ya kushindilia atafika kwenye maswali haya mwenyewe. Anayeitafakari chaja atafika kwenye betri.

Kuna mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu kwa mengine, anayetaka tuseme kipulizi. Kupuliza ni kazi ya mivukuto ya mhunzi: hewa inatoka, inapita, inakwenda zake, na hakuna kuta za kuizuia. Mwingine anashikilia kigandamizi. Huyo ana haki ya nusu, kwa kuwa hewa kweli hugandamizwa, lakini jina lake limekwisha kuchukuliwa na ile mashine ya mtengeneza matairi, na mteja akija garaje kusema kigandamizi kimekufa atapelekwa nyumba ya pili. Kishindilizi halina mpangaji mwingine, nalo linazaa ukoo. Turbo ni kishindilizi cha moshi, kwa kuwa moshi ndio unaokizungusha. Kile cha aina nyingine, kinachozungushwa na mkanda kutoka kwenye moteri, ni kishindilizi cha mkanda. Moteri yenye kifaa hicho ni moteri ya kushindiliwa, na 1HZ ilivyotoka kiwandani ni moteri ya pumzi yake. Naomba nionyeshwe ukoo wa chaja ya tabo. Chaja ya mkanda itakuwa kitu gani?

Pendekezo hili nililituma kwa maandishi kwa waliohusika kabla kijitabu hakijachapwa, pamoja na michoro na mifano. Sikupata jibu. Nililopata ni maneno yaliyosemwa kikaoni na kunifikia kwa mdomo: kwamba Kiswahili cha Kongo kimejaa Kifaransa na hakifai kutoa istilahi. Naliandika hapa wazi kwa sababu limeniuma, na kwa sababu si kweli. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006, na tangu 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kushindilia si Kifaransa. Na nani mwenye haki zaidi ya kukipa jina kifaa hiki kuliko watu wanaokiua na kukifufua kila wiki?

Tena kifaa chenyewe kina deni kwa milima kama yetu. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la kutumia moshi kuijazia moteri hewa mwaka 1905, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 Mfaransa Auguste Rateau akalipeleka kwenye moteri za ndege. Lakini jaribio lililowashawishi Wamarekani lilifanyika mlimani. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alibeba moteri ya ndege ya Liberty kwa lori mpaka kileleni mwa Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 hivi juu ya bahari. Bila turbo, moteri ilipungukiwa vibaya. Ilipofungwa turbo ilirudisha nguvu ilizokuwa nazo chini, na kuzidi kidogo. Hewa ya juu ni nyembamba, na turbo ilishindilia ya kutosha kufidia upungufu.

Butembo iko karibu mita 1,800. Hapo msukumo wa hewa ni kama sehemu nne tu kati ya tano za ule wa Mombasa. Gari lililobeba mzigo vizuri kwenye tambarare ya Kasindi, likianza kupanda kutoka Beni kwa kilomita 54 za kuja Butembo, linahema. Mfanyabiashara anayefunga turbo kwenye 1HZ hatafuti sifa. Anatafuta hewa ambayo mlima umemnyima, na jina la kifaa limwambie hivyo.

Pandisho hilo hilo ndilo linaloua turbo nyingi zilizofungwa vizuri. Shofere anafika sokoni, moteri imewaka moto kwa kupanda, anazima hapo hapo na kuruka chini. Pampu ya mafuta inasimama, ilhali mhimili wa turbo ungali na joto kali, na mafuta yaliyobaki ndani yanaungua kuwa masizi magumu yanayoziba njia. Safari ya pili mhimili unazunguka mkavu. Moteri iachwe ingurume polepole dakika mbili tatu kabla ya kuzimwa. Kuna pia silikoni: fundi anayepaka kwa wingi kwenye viungo vya tiyo ya mafuta anaacha vipande vinavyokatika ndani na kwenda kuziba tundu dogo la kuingilia. Nimeona kipande kama hicho kikitolewa kwa ncha ya waya, chekundu, laini, kidogo kuliko punje ya mtama, kutoka kwenye turbo iliyokwisha kuhukumiwa kuwa ya bandia.

Wapo watakaosema kishindilizi ni refu, na fundi ana haraka. Lina silabi tano. Chaja ya tabo nayo ina tano. Fundi akitaka kuendelea kusema turbo mdomoni, aseme, simzuii. Ninayemdai ni mwandishi wa kitabu, ambaye kazi yake ni kueleza.

Matumizi, kwa ufupi: ngeli ni KI-VI, kishindilizi kimoja, vishindilizi viwili, msukumo wake ni msukumo wa ushindilizi. Kwenye fomu ya garaje, kwa gari linalonywa mafuta, fundi mkuu ataandika: "Kishindilizi cha moshi kinatupa mafuta. Kagua tiyo ya kurudi kabla ya kununua kingine."