Dawa ya mafua na usukani

Dereva wa basi akianza kupiga chafya hununua dawa ya mafua, akaimeza na chai, akashika usukani. Hakuna anayemwuliza kitu. Angekuwa ananuka pombe, abiria wangepiga kelele.

Historia ya dawa hizo ilianzia Paris. Mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub walipata kemikali ya kwanza ya kuizuia histamini, ile inayotuletea chafya na mwasho. Ilikuwa sumu mno kwa binadamu, lakini njia ilikwisha funguliwa, na Bovet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Huko Cincinnati, Marekani, George Rieveschl alitengeneza difenihidramini, ikaruhusiwa kutumika mwaka 1946 kwa jina la Benadryl. Ilikausha mafua kweli. Ililaza watu pia.

Sababu ni kwamba histamini haikai puani tu. Ubongo nao huitumia kutuweka macho, na dawa hizo za zamani hupenya hadi ubongoni. Wenye viwanda hawakupata hasara: baadaye difenihidramini hiyohiyo ikauzwa kama dawa ya usingizi!

Jamaa yake ni klorofeniramini, Piriton tuliyoizoea. Unaimeza usiku, asubuhi bado imo mwilini, nawe umesimama mbele ya msumeno wa umeme.

Mwaka 2000 wataalamu wa Iowa, Marekani, walitangaza jaribio lao. Madereva 40 waliendesha mtambo unaoiga gari, kila mmoja mara nne: mara moja kanywa pombe, mara nyingine kameza difenihidramini, au feksofenadini, dawa mpya isiyopenya sana ubongoni, au kidonge kisicho na dawa. Kwa jumla, difenihidramini iliwaharibia uendeshaji kuliko hata pombe. Feksofenadini haikuwadhuru. Lililonishtua mimi ni jingine: usingizi ambao madereva wenyewe walisema wanausikia haukuonyesha nani ataendesha vibaya. Mtu alijiona mzima, na gari likahama njia.

Basi yale maandishi ya kwenye pakiti, kwamba usiendeshe ukisikia usingizi, yananitia mashaka. Yanamwachia uamuzi mtu yuleyule ambaye dawa imekwisha mpumbaza. Dereva aulize mapema, akiwa bado dukani na fedha mkononi: hii inaleta usingizi? Ipo isiyoleta?