Budongo: Msitu, Msumeno na Tembo

Bwana misitu W. J. Eggeling alipochapisha utafiti wake mwaka 1947, mikangazi ya msitu wa Budongo, karibu na Masindi huko Uganda, ilikuwa imeshavunwa kwa miaka mingi. Alichofanya ni kupima ploti zilizotofautiana, kisha kuzipanga kana kwamba ni umri wa msitu mmoja. Kwanza miti ya Maesopsis huvamia nyasi pembezoni. Hufuata msitu mchanganyiko wenye mikangazi na miti ya kila namna, na mwishowe hutawala muhimbi, mti mgumu ambao wenye viwanda vya mbao hawakuutaka. Hatua ya kati ndiyo iliyokuwa na aina nyingi zaidi za miti, na mwaka 1978 mwanaikolojia Joseph Connell wa Marekani alizitegemea takwimu hizo kudai kwamba msitu unaosumbuliwa kiasi huwa tajiri kuliko ulioachwa utulie.

Serikali ya kikoloni haikuhitaji nadharia hiyo ili ianze kazi. Ikiwa msitu ukiachwa huishia kwenye muhimbi, basi auzuie mtu! Wakataji walichagua mikangazi iliyofikia unene uliowekwa. Miaka ya 1950 na 1960, miti isiyo na soko ilitiwa sumu za 2,4-D na 2,4,5-T zilizochanganywa na dizeli, viambato vilevile vilivyomwagwa Vietnam. Tembo waliovunja miche walipigwa risasi. Mti, kwa hesabu hiyo, ulikuwa mbao au kikwazo cha mbao.

Enzi ya Idi Amin viwanda vilidhoofika, na baadaye wapasua mbao wa misumeno ya mkono wakachukua nafasi yake, wengi bila kibali.

Mtafiti Andrew Plumptre alipotathmini miaka 60 ya uvunaji Budongo, mwaka 1996, aliona msitu mchanganyiko umepanuka na wa muhimbi umepungua. Kwa hiyo mabwana misitu walipata sura ya msitu waliyoitaka. Mikangazi yenyewe ni jambo jingine: mikubwa ndiyo inayozaa mbegu nyingi, na ni hiyohiyo ambayo kanuni ya unene iliipeleka kwenye msumeno. Kanuni iliyotungwa kulinda uzao ilikuwa ikiondoa wazazi bora.

Kwa wanyama, jibu halikuwa moja. Baadhi ya kima walikuwa wengi zaidi katika vitalu vilivyovunwa Budongo, na sokwe hawakuonyesha tofauti kubwa. Katika msitu wa Kibale, kusini zaidi, hali ilikuwa mbaya: mtafiti Thomas Struhsaker alionyesha vitalu vilivyokatwa sana miaka ya 1960 vikibaki vichaka vilivyosongamana, huku tembo wakiendelea kuvunja miche.

Kipimo cha kulinganishia Budongo ni kitalu N15, ambacho hakikuvunwa. Miaka ya 1990 mtafiti Douglas Sheil alirudi kupima ploti za Eggeling na kukuta nyingine zimekwisha kuingiliwa. Hata ploti isiyokatwa haikuwa imesimama pale ilipoachwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo tathmini nyingi hujikwaa, kwa kuuchukua msitu usiokatwa kama picha ya zamani. Kitalu N15 hakikuvunwa, lakini tembo waliokuwa wakila na kuvunja miche yake walishatoweka Budongo, na hakuna ploti iliyobaki ya kuonyesha msitu huo ungekuwaje wangekuwepo.