Jinsi ya kumtuliza kiu mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji

MGONJWA anapozinduka baada ya upasuaji, aghalabu jambo la kwanza analoomba ni maji. Jamaa aliyeketi kando ya kitanda huona ni ukatili kumnyima. Hata hivyo, funda moja la maji linalotolewa kabla ya wakati wake linaweza kuhatarisha maisha ya mgonjwa huyo.

Kiu hiyo huletwa na mambo kadhaa. Kabla ya upasuaji, mgonjwa huagizwa asile kwa muda usiopungua saa 6 na asinywe hata maji kwa saa 2. Zamu yake ikichelewa, muda huo hurefuka. Baadhi ya dawa, kama vile atropini, hupunguza mate. Mpira wa kupumulia huacha koo likiwasha, nayo oksijeni hukausha midomo na ulimi. Dripu hurudisha maji mwilini lakini hailowanishi kinywa, ndiposa mgonjwa hulalamika ilhali chupa ya dripu inaning’inia juu yake.

Kabla nguvu za nusukaputi hazijamwisha, uwezo wake wa kumeza na kukohoa huwa dhaifu. Akinywa anaweza kupaliwa, na akitapika, matapishi yanaweza kuingia mapafuni na kusababisha nimonia. Aliyepasuliwa utumbo au koo huenda akazuiwa kunywa kwa muda mrefu zaidi. Kwa upande mwingine, akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji huruhusiwa kunywa saa chache baadaye. Kwa hivyo, muulize muuguzi kwanza.

Wakati wa kusubiri, zipo njia za kumpa nafuu. Lowesha kitambaa safi cha shashi kwa maji baridi, ukikamue, kisha umpanguse midomo, ulimi na ufizi. Aliye macho kabisa anaweza kusukutua kinywa na kuyatema maji. Muuguzi akiruhusu, mpe vipande vidogo vya barafu, kimoja kimoja, akiwa ameinuliwa kichwa. Neva za kinywani huufahamisha ubongo kuhusu ubaridi huo, na hamu ya maji hupungua hata kabla hayajafika tumboni. Kumbuka kuwa barafu ikiyeyuka ni maji, kwa hivyo mwarifu muuguzi kiasi ulichompa.

Epuka kumpaka maji ya ndimu na gliserini, kwani huzidisha ukavu, na asidi ya ndimu hudhuru meno. Anayepumua kwa oksijeni asipakwe mafuta ya mgando midomoni, kwa kuwa oksijeni huchochea moto. Apakwe mafuta yaliyotengenezwa kwa maji.

Mwisho, usiipuuze kiu isiyotulia. Ikiandamana na mapigo ya moyo ya kasi, ngozi baridi, mahangaiko, mkojo haba au bendeji iliyolowa damu, huenda mgonjwa anavuja damu ndani au nje ya mwili. Hapo usitafute maji wala barafu. Mwite muuguzi mara moja.