Fyuzi Haidanganyi

Ukiingia duka lolote la redio za gari pale Luthuli Avenue, Nairobi, utaona boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: wati 50 mara 4. Kando yake kuna amplifaya ya kutoshea mkononi iliyoandikwa wati 1,200, na bei yake ni ya kukufanya utoe pesa kabla hujauliza swali la pili. Nambari hizi zina historia. Karibu yote inatokana na jambo moja: betri ya gari ina volti chache kuliko tamaa zetu.

Mwaka 1930, huko Chicago, ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walikuwa na kampuni ndogo na uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka. Wakaunda redio ya gari. Paul akaifunga kwenye gari lake, akaendesha mpaka Atlantic City kwenye mkutano wa watengenezaji redio. Hakuwa amelipia kibanda, basi akaegesha nje, akafungulia sauti, na oda zikaanza kuja. Redio hiyo waliiita Motorola, na miaka baadaye kampuni yenyewe ikachukua jina hilo.

Redio za wakati huo zilitumia vali, na vali hutaka volti zaidi ya mia. Gari lilikuwa na betri ya volti 6. Mwanzoni watu walibeba betri kavu za ziada ndani ya gari. Baadaye kikaja kifaa kidogo cha kutetemeka, kinachokatakata umeme wa betri ili transfoma iweze kuupandisha. Weka hilo akilini, litarudi.

Transista ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell, Marekani. Kufikia 1955, Chrysler na Philco walikuwa wametangaza redio ya gari isiyo na vali hata moja. Miaka hiyohiyo magari yalikuwa yanahama kutoka volti 6 kwenda 12. Transista ilifurahia volti hizo chache, haikuhitaji kupandishiwa kitu. Redio ikawa ndogo, haichemki sana, na bei ikaanza kushuka. Lakini sasa sauti ikawa imefungwa ndani ya ile betri.

Hapa ndipo inabidi tupige hesabu, na ni hesabu ya kidato cha tatu. Injini ikinguruma, oltaneta hutoa kama volti 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, ugawe kwa omu 4 za spika ya kawaida. Unapata karibu 52. Hiyo ndiyo wati 50 ya kwenye boksi. Shida ni kwamba ili ifike huko, redio lazima isukume volti zote bila kupumzika, na wimbi la muziki liwe limekatwa kichwa na miguu, mraba kabisa. Hakuna mtu anaweza kusikiliza kitu kama hicho. Wimbi safi hutoa nusu yake, 26, na transista nazo hula sehemu yao. Kinachofika kwenye spika ni kama wati 20. Kwa hivyo boksi halijasema uongo mtupu, limesema tu ukweli wa hali ambayo hutaitaka.

Ili kuvuka hapo, ilibidi watu warudi kwa wazo la zamani: pandisha volti kwanza. Safari hii kazi ya kile kifaa cha kutetemeka ilifanywa na transista zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Mwaka 1973, Jim Fosgate alianzisha kampuni yake Arizona, na amplifaya zake ni kati ya zile zilizofanya muziki mkubwa ndani ya gari kuwa biashara. Zingine zilifuata, na nambari za kwenye maboksi zikaanza kupanda kama mwembe wa msimu wa mvua. Baadaye Marekani ikaleta kiwango kinachoitwa CEA-2006: wati zipimwe kwa volti 14.4, omu 4, na sauti isiharibike zaidi ya asilimia 1. Anayetaka kufuata hufuata. Boksi la Luthuli mara nyingi halifuati.

Mwaka huohuo wa 1973, huku kwetu, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri iliyoruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum. Zilikuwa zimeshaanza zamani kwa nauli ya senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi, ndiyo maana ya jina. Amri ile ilizifungulia barabara, ushindani ukaingia, na kaseti, ambayo Philips walikuwa wameileta sokoni mwaka 1963, ikawa silaha ya ushindani huo. Abiria wa Nairobi alianza kuchagua gari kwa masikio.

Na haikuwa burudani tu. Kabla ya Capital FM kufungua mwaka 1996, redio ya nchi ilikuwa ya serikali. Mwaka 1990, makazi ya Muoroto yalipobomolewa, kulikuwa na nyimbo zilizozungumzia tukio hilo, na hazikutoka kwenye redio hiyo. Zilitembea kwa kaseti, zikapigwa ndani ya matatu, na serikali ikawaandama waliokuwa wanaziuza. Mtu akikuambia spika za mathree ni kelele za vijana tu, mkumbushe kwamba kuna wakati habari ya mji ilipitia pale nyuma ya kiti cha mwisho.

Mimi haya yote nimeyafuatilia kwa sababu ya Mjomba, ambaye hufunga muziki wa magari karibu na Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imeshinda nyumba, na kabla sijaanza kuandika kwa malipo nilikaa naye miezi kadhaa nikimshikia tochi. Siku moja alikuja dere na amplifaya mpya ya wati 1,200, ameinunua kwa pesa za chama.

"Mzee, nifungie hii leo. Kesho nataka route yote ijue," alisema.

Mjomba hakuangalia maandishi. Aliigeuza, akatazama fyuzi.

"Kijana wangu, hii ni ya ampia 30."

"Sasa?"

"Sasa 30 mara 14.4 ni 432. Hizo ndizo wati zinazoweza kuingia. Nusu itageuka joto. Ukipata 200, shukuru Mungu."

Dere alinyamaza. Kisha akauliza kama anaweza kuweka fyuzi kubwa. Mjomba akamwambia, "Fyuzi si ya kuongeza nguvu, mwanangu. Ni ya kukuzuia kuungua."

Sijasoma mahali popote historia ya watu kama Mjomba, na hilo linanisumbua. Wao ndio wamekuwa wakisimama kati ya boksi na gari. Gari la mtumba kutoka Japani lilifika na redio inayoshika masafa ya 76 hadi 90, na stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Fundi akatafuta njia. Basi kubwa lilikuja na betri mbili, volti 24, na amplifaya inataka 12. Wasiojua huchomoa umeme kwenye betri moja. Hiyo moja hufa mapema, mwenye gari analaumu betri. Fundi anayejua huweka kifaa cha kushusha volti, hata kama mteja analalamika bei.

Spika za kiwandani nazo alinifundisha kuzihukumu polepole. Nyingi zina koni ya karatasi na sumaku ndogo, zimetengenezwa kwa zile wati 20. Lakini kabla ya kununua nguvu, angalia spika inaitikia vipi. Spika ya desibeli 91 kwa wati 25 inapiga sawa na ya desibeli 88 kwa wati 50, kwa sababu kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Ziba matundu ya mlango, la sivyo sauti ya nyuma ya koni inakuja kuua ya mbele. Spika mbili za omu 4 ukiziunga sambamba zinakuwa omu 2. Kama amplifaya haijaandikiwa omu 2, itachemka mpaka ijizime au ife. Na geini si ya kuongeza sauti, ni ya kulinganisha redio na amplifaya. Ukiipandisha kupita kiasi, wimbi linakatwa kichwa tena, kama lile la kwenye boksi, na twita ndizo hufa kwanza.

Sheria zimejaribu kuingia pia. Kanuni za Michuki zilianza kutekelezwa Februari 2004, na kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira zikaja 2009. Nganya bado zinapiga. Nadhani tumekuwa tukibishana kuhusu kitu kisicho sahihi, kama muziki uwepo au usiwepo. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zaidi hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Abiria hushuka. Makanga na dere hubaki humo mpaka usiku.

Mjomba sasa hunigeuzia sikio la kulia nikimwongelesha. Hana cheti cha kazi yake, na hakuna daftari la aliyoyajua. Nimeanza kumwandikia moja. Ukurasa wa kwanza alitaka uwe wa fyuzi: iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 za waya, na isomwe kabla ya boksi.